Nyumba ya Watu Wanane

Ujumbe uliingia Fundi akiwa na pini sita mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa salama ya mteja wake, maana mdomo ungekuwa mtupu, neno ambalo lingetoka pale lingechana kitambaa.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mama mmoja mnene wa haja, anambania gauni kwenye kiuno ambacho mama yule alidai anacho. Simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani, ikajisogeza yenyewe mpaka kwenye mkasi. Fundi akaichungulia. Akasoma. Akasoma tena.

"Nini tena?" mteja alimuuliza kupitia kioo. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Mmh," alisema Fundi na pini zake.

"Ni bwana harusi?"

Fundi akazitema pini kiganjani, moja moja, kama mtu anayehesabu meno yake. "Ni nyumba."

Ujumbe wenyewe ulikuwa na adabu kupita kiasi. *Mpendwa mgeni, bei ya nyumba uliyoiwekea nafasi imebadilika. Tafadhali lipa nyongeza iliyoonyeshwa hapa chini kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Usipolipa, nafasi yako itafutwa. Tunakutakia siku njema.* Na nyongeza ilikuwa nusu nzima ya bei ya kwanza. Kilichomtia Fundi ubaridi zaidi ni ile siku njema.

Nyumba hiyo ilikuwa ya likizo, juu ya ziwa, yenye vyumba vinne na baraza la mbao. Aliitafuta kwenye mtandao miezi miwili iliyopita, akaiwekea nafasi kwa jina lake, akailipia yote kwa jasho la mguu wake wa kulia, ule unaokanyaga cherehani. Watu wanane, siku tatu. Humo ndimo angeolewa, siku kumi na moja zijazo, bila ukumbi, bila vipaza sauti, bila wale ndugu wanaokuja na mifuko ya kubebea chakula. Yeye na Mpimaji wake, mama zao wawili, dada yake, wajomba wawili wa Mpimaji, na binti ya Fundi, wa miaka sita, aliyeitwa Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo, wa mviringo, na hakuna aliyetazamia kwamba angeshika.

"Lipa tu mwanangu," mteja alimshauri. "Harusi ni mara moja."

"Mimi hii ni ya pili."

"Aa. Basi bishana nao."

Na Fundi alijua kubishana. Alikuwa mjane wa miaka mitano, na mjane asiyejua kubishana huishia kulala kwenye jamvi la watu. Tena dukani kwake alikuwa na sheria iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ukishapimwa, ukishalipa, kipande cha kitambaa chako kikishabanwa kwenye daftari, bei haiguswi. Hata uzi upande, hata fundi augue. Asiyeguswa bei yake haguswi utu wake, ndivyo alivyopenda kuwaambia wateja, hasa waliokuwa wanaomba kupunguziwa.

Mteja alipoondoka, akaipigia simu ile kampuni ya mtandaoni. Baada ya muziki mrefu uliojaa filimbi, akapokea binti mmoja mwenye sauti ya asali.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini dada yangu?"

"Nisaidie kuelewa. Nimeshalipa, nimeshathibitishiwa, risiti ninayo. Leo mwenye nyumba ananiambia bei imepanda. Huo ni ungwana?"

"Hapana dada. Bei ikishathibitishwa, mwenye nyumba haruhusiwi kuipandisha. Ana njia mbili tu, akupokee kwa bei ile ile, au arudishe fedha zote na sisi tukutafutie nyumba nyingine ya hadhi hiyo. Haki yako hiyo."

"Ahsante sana! Mungu akupe mume."

Binti akacheka. "Ninaye tayari. Ila dada, bei haipandi, labda mteja mwenyewe..."

Lakini Fundi alishakata simu. Alishapata alichokitaka, na mtu aliyepata anachokitaka masikio yake hufunga duka mapema.

Akampigia Mpimaji. Mchumba wake alikuwa mpima ardhi, mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya kutazama mbali, aliyejua mpaka wa kila shamba isipokuwa mpaka kati yake na mama yake. Simu ilipopokelewa Fundi alisikia upepo wa porini na nyundo ikigonga kigingi.

"Mpenzi, wamepandisha bei ya nyumba."

Nyundo ikanyamaza. Upepo ukabaki peke yake.

"Mpimaji? Upo?"

"Nipo." Akakohoa. "Wamesema kwa nini?"

"Hawajasema. Mwizi huwa anasema kwa nini?"

"Basi... tulipe tu. Nitaongeza mimi. Yaishe."

"Tulipe? Nimeongea na kampuni, haki ni yetu! Jumamosi nakwenda kumwona huyo mwenye nyumba ana kwa ana."

"Usiende." Alilisema haraka mno, kama mtu anayemvuta mwenzake barabarani gari linapokuja. Kisha akalainisha sauti. "Nina maana, ni mbali. Utachoka bure, Fundi wangu. Niachie mimi."

"Wewe hujui kugombana. Wewe ukikanyagwa mguu unaomba radhi kwa kuuweka pale. Tutakwenda wote."

Ile nyundo haikuanza tena kugonga, na Fundi alikaa na simu sikioni muda mrefu, akisikiliza upepo.

*

Jumamosi waliondoka asubuhi kwa gari la kazini kwa Mpimaji, miti ya kupimia ikigongana nyuma kama watu wanaosengenya. Mbingu ilikuwa imeshuka chini, ya rangi ya sufuria kuukuu, na hakukuwa na hata tone la mvua. Kifungo alikuwa amewasindikiza mpaka mlangoni na swali lake.

"Mama, Baba wa Jumapili atalala karibu na mimi?"

Baba wa Jumapili ndilo jina ambalo mtoto mwenyewe alimpa Mpimaji, kwa kuwa ndiyo siku aliyozoea kuja. Kila mara watu walicheka. Safari hii Mpimaji aliinama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

Ndani ya gari Fundi alimtazama kwa pembeni. Alimpenda, jamani, hilo lisitiliwe shaka. Alimpenda tangu siku alipoleta suruali iliyochanwa na waya wa shamba. Akaileta tena wiki iliyofuata, imechanika. Akaileta mara ya tatu. Mara ya nne Fundi akaigeuza mshono, akaona mkato safi, wa kisu. "Huu waya wenu siku hizi unanolewa?" alimuuliza. Mwanamume mzima akainamisha kichwa, akatabasamu mpaka kishimo cha shavuni kikatokea, na Fundi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amekula kwa kusimama na kulala na redio, alijikuta anaketi.

"Kuna kitu nilitaka kukuambia," Mpimaji alisema ghafla, wakiwa wamekata kona ya kwanza kuelekea ziwani.

"Sema."

Mikono yake ilibana usukani. Fundi aliona jasho kwenye vidole, na kioo kilikuwa wazi, na upepo ulikuwa wa baridi.

"Basi. Tukifika."

"Mama yako tena?"

"Nimesema tukifika."

"Amesema nini safari hii? Nina umri mkubwa? Nimeshazika mume? Duka langu liko karibu mno na barabara?"

"Fundi, tafadhali."

"Mimi nauliza nijiandae. Mama yako tangu siku ya posa hajacheka. Nilidhani ana jino bovu."

Siku nyingine angecheka. Leo aliangalia njia, na simu yake iliyokuwa kwenye paja ikawaka, naye akaigeuza kifudifudi bila kuitazama. Ikawaka tena. Mwanga wake ukawa unachungulia pembeni mwa goti kama jicho.

*

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko picha, jambo ambalo kwa kawaida halitokei. Lakini ilikuwa kimya. Ziwa chini yake lilikuwa limelala bila hata mkunjo, na mbwa mmoja mwekundu alikaa katikati ya njia, akawatazama wakishuka, hakubweka wala hakutikisa mkia. Akainuka, akaondoka zake, kama aliyekuwa ameona alichotumwa kuona.

Mwenye Nyumba aliwapokea ngazini. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mwembamba, aliyenyooka kama sindano, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Macho yake yaliwapima wote wawili, na kwa Mpimaji yakakaa kidogo.

"Karibuni. Mmekuja kulipa?"

"Tumekuja kusalimiana kwanza, Mama," Fundi alisema. "Halafu tugombane."

Yule bibi karibu atabasamu. "Kaeni basi. Kugombana kwa kusimama kunaumiza magoti."

Wakakaa barazani. Fundi akatoa risiti kwenye mkoba, akaitandika juu ya meza, akailainisha kwa kiganja kama kitambaa kinachosubiri mkasi.

"Mama, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hii bei ni yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa! Mimi ni fundi cherehani, Mama. Mtu akishalipa gauni siwezi kumwambia siku ya kuvaa kwamba mikono sasa ina bei yake. Kampuni yenyewe imeniambia, ukishathibitisha huruhusiwi kupandisha. Unanipokea kwa bei hii, au unanirudishia changu chote na wao wanitafutie kwingine. Na siku kumi kabla ya harusi ya mtu, Mama! Ungekuwa wewe ungelala?"

Mwenye Nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kusikiliza wagonjwa wengi wakikana kwamba wanaumwa.

"Umesema kweli tupu," alijibu. "Sina haki ya kukupandishia. Wala sijakupandishia."

"Kumbe huu ujumbe umeandikwa na mbwa?"

"Fundi," Mpimaji alisema chini chini. "Twende. Nitalipa."

"Ngoja."

"Nasema twende!"

Alikuwa amesimama. Hajawahi kumpandishia sauti, hata siku moja. Fundi aligeuka kumtazama, na katika kugeuka kule jicho lake likapita juu ya bega la Mpimaji, likatua mwisho wa baraza. Pale palikuwa na kitanda. Kitanda kidogo, cha mtoto, chenye vibao vilivyochorwa samaki wa manjano. Kilikuwa kimesimamishwa kwa miguu dhidi ya ukuta na kuviringishwa nailoni, kamba imezungushwa mara mbili na kufungwa fundo.

"Mama," Fundi alisema polepole. "Kile kitanda mbona kiko nje?"

"Nilikuwa nimekiandaa katika chumba cha pili, karibu na dirisha. Mkanieleza hakihitajiki, nikakitoa."

"Nani alikueleza?"

Yule bibi akavaa miwani yake. Alimtazama Mpimaji tena, na safari hii hakuyaondoa macho. "Binti yangu, mimi nilidhani mnajuana."

Akaingia ndani, akarudi na simu yake kubwa yenye kifuniko cha ngozi, akaiweka mezani juu ya risiti. Fundi akainama. Herufi zilikuwa kubwa, za mtu mwenye macho ya uzee, hakuna neno ambalo lingeweza kusomwa vibaya. *Mgeni amebadilisha nafasi. Idadi ya awali: watu wazima saba, mtoto mmoja. Idadi mpya: watu wazima saba. Nafasi imehesabiwa upya kwa bei ya sasa.*

"Mgeni akigusa chochote, siku au idadi, mtambo wa kampuni unaifuta bei ya zamani na kuhesabu upya," Mwenye Nyumba alieleza. "Na sasa ni msimu. Hata mimi nilishangaa. Nikasema, watu gani hawa wanapunguza mtoto wanaongezewa bei?"

Fundi alikumbuka binti wa sauti ya asali. *Labda mteja mwenyewe...* Miguu yake ilikuwa imekaa sawa sakafuni, lakini alihisi kama baraza limeinama kuelekea ziwani.

Aliyekuwa na namba ya siri ya nafasi ile alikuwa yeye. Na mwingine mmoja. Skrini ya simu yake ilikuwa imepasuka siku alipoweka nafasi, wakatumia ya Mpimaji, kichwa kwa kichwa juu ya meza ya kukatia, na Kifungo amekaa katikati yao akidai aandike jina lake mwenyewe.

"Ulimtoa," alisema. Hakuuliza.

Mpimaji alikaa tena. Alikaa kama mzigo unavyowekwa chini. "Sikujua kama bei itapanda."

Mwenye Nyumba alinyanyuka taratibu. "Nitakuwa ndani," alisema. "Na ujue jambo moja, binti. Nafasi ni ya jina lako. Mabadiliko yalitakiwa kuthibitishwa na wewe, na mimi nilipokea bila kuuliza. Ukisema hukuyaridhia, nayafuta, na bei inarudi ilivyokuwa. Hiyo nayo ni haki yako. Niite ukiwa tayari." Mlango wa wavu ukafungwa nyuma yake bila sauti.

*

"Hukujua bei itapanda," Fundi alirudia. "Ingekuwa haipandi, ningejua lini? Ningemvalisha mtoto gauni lake, nikamsuka, tukafika hapa, halafu? Ungemwambia nini pale mlangoni?"

"Ningekuambia kabla."

"Kabla ya nini?"

Mpimaji alishika kona ya meza, akawa anaibandua rangi kwa ukucha.

"Mama alisema Kifungo aje baadaye," alianza. "Si kwamba hampendi. Anasema harusi si mahali pa... Anasema wajomba watauliza. Watasema nimechukua mzigo wa mtu. Alisema tuanze wawili, tutulie, halafu mtoto akae kwa bibi yake kidogo, kwa mama yako, pale alipozoea..."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Fundi."

"Wewe ni mpimaji. Nipimie. Kidogo ni siku ngapi?"

Upepo ulianza kuja kutoka ziwani, mwembamba, ukaifanya ile nailoni ya kitandani ipumue. Ikavuta pumzi, ikatoa. Fundi hakutaka kuitazama.

"Ulipokuja kuniposa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia, "nilikuambia sisi ni wawili. Ulisema nini?"

"Nilisema nawataka wote wawili."

"Nilikupa nafasi ya kusema hapana?"

"Ulinipa."

"Nilikupa hata wiki nzima. Ukarudi siku ya pili na pipi." Macho yalianza kumuuma. Alikataa kuyafuta. "Tukakubaliana, mbele ya mama yangu, mbele ya mama yako. Leo zimebaki siku kumi, kadi zimekwenda, gauni langu limeshonwa, ndiyo naambiwa nyongeza. Tena sikuambiwa. Nimeambiwa na kitanda."

"Nakupenda," Mpimaji alisema. Alimshika mkono, na joto la kiganja kile lilimpanda mpaka begani, kama siku zote, lisilokuwa na aibu. "Nakupenda kuliko ninavyojua kusema. Nilishindwa kumkatalia. Amenilea peke yake, unajua alivyo, anaacha kula, anageukia ukuta. Nilibonyeza tu pale kwenye simu ili anyamaze. Nilijiambia ni simu tu. Nilijiambia nitarekebisha."

Fundi aliuangalia ule mkono. Ulikuwa mkono mzuri. Mbaya ni kwamba alimwamini. Alijua ni kweli alimpenda, na ni kweli angemtoa mtoto tena.

Simu ya Mpimaji ikaita. Wote wawili waliitazama ikizunguka mezani. *Mama*, iliandika.

"Pokea," alisema Fundi.

"Nitampigia baadaye."

"Pokea, mpenzi wangu. Mwambie Kifungo anakuja, na anakaa na sisi, tangu siku ya kwanza. Maneno kumi hayafiki. Ukimwambia, nitamwita huyu bibi tuandike watu wanane, na hili jambo sitalitaja tena mpaka nife. Naapa. Nitamkaribisha mama yako kiti cha mbele."

Aliona uso wake ukinyanyuka. Aliona kwamba alitaka. Akachukua simu, akasimama, akasema, "Ngoja nishuke hapo chini, hapa mtandao unakatika," akazishuka ngazi mbili mbili, akaenda kusimama kando ya gari.

Mtandao ulikuwa umejaa. Fundi alikuwa akiiona alama yake kwenye simu yake mwenyewe, mistari yote minne.

Hakumfuata. Alisogea tu kwenye ukingo wa baraza, pale kwenye kitanda. Upepo, uliokuwa ukitoka ziwani, ulipita kwenye gari kwanza, halafu ukaja kwake na kila kitu ulichookota.

"Ndiyo, Mama... Tumefika, ndiyo... Nzuri, ina vyumba vinne..." Miti ya kupimia ikagongana nyuma ya gari. "Hapana, Mama. Hapana, bado hajajua... Ndiyo. Atazoea. Tukishaoana atazoea tu... Usilie basi. Kula kwanza. Ndiyo, Mama."

Fundi aliweka kiganja juu ya nailoni. Chini yake aliwahisi wale samaki waliochorwa, ubao umenyanyuka kidogo pale rangi ilipokuwa nzito. Alisubiri machozi. Hayakuja. Kilichokuja ni baridi iliyoanzia kwenye utosi, ikashuka, ikapita moyoni bila kugonga hodi, na ilipofika miguuni alikuwa amesimama wima.

Mpimaji alipanda ngazi akiwa amechangamka, simu mfukoni, mikono wazi. Alitabasamu. Mtu ambaye hakusikia angeweza kuapa kwamba ni tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

"Nimemwambia," alisema. "Alipiga kelele kidogo, lakini amekubali. Umeona? Nilikuambia niachie mimi. Kifungo anakuja."

"Amekubali?"

"Amekubali kabisa. Kasema hata nimpelekee mtoto salamu."

Fundi alimtazama. Alimtazama muda mrefu, paji la uso, nyusi, midomo ile aliyoijua, kwa namna unavyomtazama mtu anayepanda gari la safari ndefu. Kuna kitu usoni mwa Mpimaji kilianza kuyumba. Mikono yake ilikuwa bado wazi, na hakuna aliyeingia.

"Mama!" Fundi aliita kuelekea mlango wa wavu. "Niko tayari."

Mwenye Nyumba alitoka na karatasi na kalamu, akakaa, akaweka miwani sawa.

"Hukuridhia mabadiliko?"

"Sikuridhia."

"Basi nayafuta. Watu wazima saba na mtoto mmoja, bei ya mwanzo, umeshalipa, hatudaiani." Akaandika, akapiga mstari, akainua kichwa. "Kuna jingine la kubadili kabla sijatuma?"

"Nataka kuuliza tu. Nikiwatoa watu wazima wanne, bei inapanda?"

Mpimaji alivuta pumzi.

"Inapanda," alisema Mwenye Nyumba. "Hata ukimtoa mmoja." Macho yake yalihama kutoka kwa Fundi kwenda kwa mwanamume aliyekuwa nyuma yake, yakarudi. Alikuwa ameuguza watu miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. "Wanne gani?"

"Yeye, mama yake, na wajomba zake wawili."

"Fundi," Mpimaji alisema. Lilikuwa jina tu, lakini lilitoka limepasuka katikati. "Fundi, ulisikia nini?"

Hakugeuka. Angegeuka, angemwona, na angemwona angekaa chini, alijijua.

"Basi waache humo humo kwenye karatasi," alimwambia yule bibi, akachukua kalamu, akasaini jina lake kwa mkono uliotulia kuliko wakati wowote wa siku ile. "Tutakuja wanne. Mimi, mama yangu, dada yangu na binti yangu. Tutakuja kupumzika."

"Na vitanda vinne vitakavyobaki?"

"Vitandike vyote, Mama. Na hicho kidogo kirudishe ndani, karibu na dirisha. Mwanangu atachagua mwenyewe anachotaka."